TAHADHARI: "Soli za kurudisha uvungu" wanazouziwa wazazi wa watoto wa jimnastiki

Wazazi na makocha, kuna biashara inazunguka mitandaoni na nyinyi ndio inaowalenga. Mtoto wa jimnastiki analalamika uvungu wa unyayo unamuuma, mzazi anaanza kutafuta msaada, mara tangazo linajitokeza: soli maalumu "zilizopimwa kwa mguu wa mwanao", maumivu yanaisha na uvungu unarudi ndani ya siku 14. Unaambiwa njoo inboksi, tuma picha ya unyayo, lipa kabla ofa haijaisha. Usitume hela.

Jimnastiki huchezwa pekupeku. Soli hukaa ndani ya kiatu. Muda wote mguu unapopigwa, yaani kutua, kukimbilia meza ya kurukia, kupiga pindu, hiyo soli imelala kwenye kiatu pembeni ya ukumbi. Muuzaji anayeujua mchezo angelisema hilo kabla hajapokea pesa. Soli nzuri inaweza kuupunguzia mguu mzigo mtoto anapotembea au akiwa shuleni, basi. Wengine ukiwabana kwa swali hilo wanahamia kwenye soksi fupi ya kubana yenye mto wa jeli chini ya uvungu. Kwa kutembea nyumbani haina neno. Juu ya boriti, ule mti mwembamba wa kutembelea kwa kujisawazisha, ni hatari: ule mto unasogea chini ya unyayo, na mtoto hausikii tena ukingo wa boriti kwa mguu wake.

Sasa hiyo picha ya simu. Hakuna anayeweza kutengeneza soli ya mguu fulani kwa picha moja ya unyayo. Mtaalamu wa kweli anaubonyeza mguu mfupa kwa mfupa, anamtazama mtoto akiwa amelala, amesimama, anatembea, anainuka kwa vidole, anaruka kwa mguu mmoja. Anauliza mazoezi ni saa ngapi kwa wiki na maumivu yalianza baada ya kubadilisha nini. Ndipo anachukua umbo la mguu kwa plasta, kwa sponji ya kukanyagia au kwa skana, na baada ya wiki chache anamwita tena kurekebisha. Kuna wauzaji wenye kibao cha kukanyagia kinachotoa picha ya rangi nyekundu na bluu. Picha hiyo inaonyesha uzito unaangukia wapi. Haitaji ugonjwa, hata ikichapishwa kwenye karatasi yenye mhuri.

Picha za "kabla na baada" nazo zina siri nyepesi. Simama wima, inua kidole gumba cha mguu peke yake: uvungu unapanda papo hapo. Hivyo ndivyo "siku 14" zinavyopatikana. Na mara nyingi wanachodai kutibu si ugonjwa. Watoto wadogo wengi wana nyayo bapa, na uvungu hujijenga wenyewe polepole hadi karibu na miaka 10. Mwambie mtoto asimame kwa vidole. Uvungu ukijitokeza na visigino vikageukia ndani, mguu ni mlaini, na kama haumuumi hauhitaji tiba. Usipojitokeza, mguu ukabaki mgumu na bapa, mpeleke kwa daktari wa mifupa. Huenda mifupa miwili ya mguu imeungana, na soli haiwezi kuitenganisha.

Kama mzigo umeshafika, geuza soli uangalie chini. Ukikuta namba ya saizi imegongwa, au mistari ya kukatia kwa mkasi upande wa vidole, hizo ni za kiwandani na zimeuziwa watu wengi. Zilinganishe kulia na kushoto: miguu miwili ya mtu hailingani sawasawa, kwa hiyo soli zilizopimwa kweli huwa na tofauti kidogo. Hizo za kukata ndizo zinazodhuru zaidi. Ukikata mbele, unafupisha urefu tu, lakini kitako cha kisigino na kilima cha uvungu vinabaki vya mtu mzima. Kilima kinakuwa mbele mno, kinamsukuma mtoto karibu na mzizi wa vidole badala ya kumbeba katikati. Anaanza kuchechemea, mzazi anauliza, anajibiwa: "Ikiuma ujue inafanya kazi."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Upande wa ndani wa mguu, mbele kidogo ya kifundo, kuna mfupa wa navikula, na watoto wengine huzaliwa na kimfupa cha ziada hapo hapo. Soli ngumu ikikikandamiza, kinavimba na kuwa chekundu. Zaidi ya hapo, kwa mtoto anayeruka na kutua kila siku, navikula yenyewe inaweza kupata ufa wa uchovu, yaani ufa mdogo unaotokana na kupigwa mara kwa mara. Maumivu yake ni ya kufifia: mara juu ya mguu, mara yanashuka uvunguni, yanatulia akipumzika na kurudi mazoezini. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoonyesha kitu, mpaka kipimo cha MRI. Ukigundulika mapema, kwa kawaida ni kufungwa mguu bila kuukanyagia kwa wiki 6 hadi 8. Ukicheleweshwa na "subiri siku 14", unaweza kuishia kwenye upasuaji.

Kwa hiyo usisubiri soli wala mafuta ya kuchua ikiwa mtoto anachechemea, anaumwa usiku, ana uvimbe, hawezi kuruka kwa mguu mmoja, au ukibonyeza sehemu moja ya mfupa anashtuka kwa maumivu. Alama ya damu kuvilia chini ya unyayo baada ya kutua vibaya ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kano za katikati ya mguu huenda zimechanika. Mafuta ya kuchua yasiyo na orodha ya viambato msiyaguse kabisa.

Dalili hizo zisipokuwepo, na maumivu yakiwa ya misuli ya uvungu tu, kazi yenyewe haihitaji kununua kitu kikubwa. Ondoa kuruka na kutua kwa wiki 2. Mtoto aendelee na vyuma vya kuning'inia, mazoezi ya tumbo na kunyoosha viungo. Barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi. Kunyoosha kigimbi sekunde 30 mara 3, goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limepinda, kwa sababu kigimbi kilichokaza huuvuta uvungu kila hatua. Kisha zoezi ambalo wengi hulikosea: akanyage chini, avute mzizi wa kidole gumba kuelekea kisigino mpaka uvungu uinuke, vidole visijikunje. Ashikilie sekunde 5, mara 10, seti 3. Vidole vikijikunja, anafanyisha misuli mingine. Baadaye aongeze kuinuka kwa vidole, akishuka polepole kwa sekunde 3. Atarudi kuruka akiweza kuruka kwa mguu mmoja mara 10 bila maumivu, na asubuhi inayofuata asiamke na maumivu mapya. Wiki 2 zikipita bila nafuu, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari.

Uliyekwisha kulipa: piga simu benki au kwa mtandao wa malipo leo hii uombe muamala uzuiwe, hifadhi picha za mazungumzo na tangazo kabla hawajakublok, kisha ripoti akaunti. Wakikuambia utume "ada ya forodha" ndipo mzigo utoke, au "ada ya kurudisha pesa", huo ni mkono wa pili wa utapeli ule ule. Usitume.