Dawa ya mzio: mimi naihukumu kesho yake asubuhi

Nilikuwa na oda ya kofia mbili za mkono za harusi, zimebaki siku tatu. Anayeijua kazi hii anajua kwamba kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kiwe duara safi, na vitundu ni mamia; kimoja kikienda mshazari, mnunuzi hukiona hicho hicho. Usiku huo mapele yakanipanda mikononi na shingoni, yale ya kuvimba na kuwasha kama nimepakwa upupu. Nikamtuma mtoto duka la dawa. Akarudi na bahasha ya kaki, ndani vidonge sita vidogo vya manjano. Hakuna jina wala tarehe. Juu kumeandikwa kwa kalamu: 1x3.

Nilimeza kimoja saa tatu usiku, mwasho ukatulia, nikalala fofofo. Kesho yake saa nne asubuhi niko barazani na sindano. Sikuwa nasinzia. Macho yako wazi, naitikia salamu za wapitao, lakini mkono unachelewa nyuma ya jicho. Nazungusha uzi, naangalia, nimeruka kitundu. Nafumua, narudia, naruka tena. Kofia moja ilitoka na safu iliyopinda karibu na ukingo, na mwenye oda akaikataa. Alikuwa na haki.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nyinyi wasomaji mmeniandikia. Nahodha mmoja wa boti za Mokowe, gati la bara la kuvukia kuja Lamu, alinieleza kwamba akimeza dawa ya mafua usiku, asubuhi gati humjia haraka kuliko alivyozoea. Kwa hiyo hapa sitawaambia ipi ni rahisi wala ipi ina boksi zuri. Kukata mwasho, zote hukata. Mimi nauliza jambo moja: kesho yake asubuhi kichwa chako ni chako?

Jambo lenyewe liko hivi. Histamini ni kemikali inayohifadhiwa na chembe za ulinzi zilizoko chini ya ngozi, puani na kwenye mapafu. Ikifumuka kwa sababu ya vumbi, ukungu wa ukutani au manyoya ya punda (na hapa Lamu punda utamkwepa wapi?), hushika vipokezi viitwavyo H1. Mishipa midogo hutanuka na kuvuja maji, ngozi huvimba, pua hutiririka. Lakini H1 hizo hizo ziko pia ubongoni, na huko kazi yake ni njema: histamini ndiyo mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho na makini. Dawa ikizima H1 za puani na isiishie hapo, ikapanda mpaka ubongoni, imezima na taa ambayo hukuiomba izimwe.

Dawa za zamani hupanda. Huyeyuka kwenye mafuta, na ukuta unaoulinda ubongo hauzizuii. Mpya zimetengenezwa zisipenye kirahisi, na zile chache zinazopenya hukutana na pampu ndogo kwenye kuta za mishipa zinazozirudisha kwenye damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, waliwapiga watu picha za ubongo baada ya kumeza dawa hizi: klorofeniramini, ambayo ndiyo ile ya manjano, ilikuwa imekalia zaidi ya nusu ya vipokezi vya H1 ubongoni; feksofenadini ilikuwa karibu na sifuri. Tena klorofeniramini haina haraka ya kuondoka. Kwa mtu mzima, kupungua kwake hadi nusu kwenye damu huweza kuchukua saa 20. Piga hesabu kutoka saa tatu usiku hadi saa nne asubuhi, utaujua mkono wangu ulikuwa wapi.

Sasa chaguo langu. La kwanza, bila kusitasita, ni feksofenadini, na jina ninalolitaka dukani ni Telfast. Sifichi kwamba naipendelea. Miligramu 120 kwa mafua ya mzio, 180 kwa mapele, mara moja kwa siku. Niliianza kwenye oda iliyofuata, na safu zangu zilinyooka kutoka utosini hadi ukingoni. Si mimi peke yangu ninayeiamini: mamlaka ya anga ya Marekani huwaruhusu marubani kuruka wakiwa wanaitumia, mradi haiwaletei madhara. Dawa inayofaa kwa anayeshika ndege itamfaa na anayeshika usukani wa boti. Ukipata ya kampuni nyingine, tafuta kwenye boksi herufi F-E-X-O, ni dawa ile ile.

Ina sharti moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia, nalo kwetu ni kubwa: imeze kwa maji matupu. Juisi ya balungi, ya chungwa au ya tofaa huziba njia inayoipitisha dawa hii kutoka utumboni kuingia kwenye damu, na unaweza kupoteza sehemu kubwa ya kidonge ulichokilipia. Sisi ni watu wa juisi, mgeni hakai dakika tano hajapewa bilauri. Mimi hata embe na ukwaju naviweka mbali na saa ya kidonge. Na dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi ziache zipishane nayo kwa saa mbili.

Ya pili ni loratadini, Clarityn kwa jina la boksi. Nayo marubani wanaruhusiwa. Kwa miligramu 10 kichwa hubaki salama. Ukizidisha ukidhani utapona haraka, usingizi unaanza kuja. Kwa mapele makali naiona mpole mno, kwa mafua ya vumbi inatosha.

Ya tatu ni setirizini, Zyrtec na ndugu zake wengi, na najua hapa tutagombana kwa sababu nyumba nyingi zinaitumia. Kwa mwasho ni hodari. Lakini imetokana na hidroksizini, dawa ya zamani ya kulaza, na haijauacha kabisa ukoo wake. Katika majaribio ya miligramu 10, karibu watu 14 kwa 100 walipata usingizi, dhidi ya 6 kwa 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wale marubani hawaruhusiwi kuigusa wakiwa kazini. Ukiitumia, imeze usiku, na kama figo zako zina matatizo muulize daktari kwanza kipimo, kwani hutoka kwa njia ya mkojo.

Zile za bei nafuu, klorofeniramini ambayo watu huiita Piriton hata ikiwa ya kampuni nyingine, na promethazini: hukata mwasho, hulaza, basi. Usimpe mzee mwenye tezi dume, maana hukausha kinywa na huweza kuziba mkojo. Promethazini usimpe kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, inaweza kumzuia kupumua.

La jodari nilitie hapa, kwa sababu akina mama wawili wameniuliza. Ukila jodari au nguru, nusu saa baadaye uso ukawa mwekundu na kuwaka, kichwa kikagonga, huenda huna mzio wa samaki hata kidogo. Samaki hao wakikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza nyama yao ikajaa histamini, na moto wa jiko hauiondoi. Kukaanga na kupaka ni mamoja. Umekula histamini iliyokwisha tengenezwa. Dawa hizi husaidia, ila aliyekuuzia samaki ndiye wa kuulizwa. Na yeyote anayevimba ulimi, anayebanwa na pumzi au kuishiwa nguvu, iwe kwa samaki au kwa nyuki, mpelekeni hospitali wakati huo huo apate adrenalini. Kidonge chochote nilichokitaja hapa hakitamwokoa.

Kilichobaki ni donge nililonalo na wauzaji. Kwanza ule mchanganyiko wa mafua wanaoutoa kwa kila anayepiga chafya. Mingi ina klorofeniramini ndani, na mtu anaimeza juu ya ile bahasha ya manjano aliyopewa jana, kipimo mara mbili bila kujua, halafu anashuka gati kwenda kupanda boti. Pili, bei. Ukiuliza kwa nini dawa mpya ni ghali, jibu ni lile lile: mzigo umevuka maji. Mchele nao umevuka maji, na unga, na sabuni, lakini havipandi hivyo.

La tatu ndilo linaloniuma kuliko yote, ule mkasi. Pakiti inakatwa kidonge kidonge, na jina, kipimo na tarehe ya mwisho vinabaki kwenye kipande cha mtu mwingine. Ningejua jina la kile nilichopewa usiku ule, nisingekimeza mbele ya oda.

Wiki iliyopita nilikwenda mwenyewe. Nikaomba pakiti nzima, kijana akashangaa.

"Mama, pakiti nzima hainunuliwi hapa. Nikukatie mbili?"

"Basi mwanangu, nikatie upande wenye tarehe."

Akanikatia. Nikatoka nje kwenye mwanga, nikaisoma, ilikuwa na mwaka mzima mbele yake. Nilipogeuka, alikuwa anakirudisha kwenye droo kile kipande kilichobaki, vidonge vinane visivyo na tarehe.