Modemu na rauta kwenye boksi moja: nilivyopigwa mjini Dodoma na ninachotumia sasa

Naanza na aibu yangu. Faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo unaopitisha mwanga, ilipofika mtaani kwetu huku Ilazo kiherehere kilinishika balaa, fundi hajaja hata kuangalia nguzo iko wapi mi nishapanda bodaboda mpaka mjini, maeneo ya Majengo, nikaingia duka moja hivi la simu na vifaa vya umeme nikamwambia kijana nataka modemu yenye rauta humohumo, ya faiba. Akashusha boksi jeupe, antena mbili, limepigwa picha ya familia inacheka. "Hii bosi inashika kila kitu, we chomeka tu." Nikatoa 55,000 na sikuomba hata punguzo, ndo ujue nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Kesho yake fundi kaja na waya wake mwembamba wenye kichwa cha kijani, akaigeuza ile modemu akaangalia nyuma, akaniangalia na mimi.

"Kaka, hii ni ya waya wa simu ya mezani."

Na kweli, kule nyuma kuna kitundu kidogo kimeandikwa ADSL, herufi nne tu, na mimi nilikuwa nimezisoma dukani nikadhani ni jina la spidi. Nikarudi dukani, kijana akanionyesha kwa kidole karatasi ukutani, mali ikishafunguliwa hairudi. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Kwahiyo nikiambiwa "nishauri modemu nzuri" siku hizi swali langu la kwanza ni moja tu, nyumbani kwako inaingia waya gani? Maana neno modemu watu tunalitumia kwa kila kiboksi kinachowaka taa, na wauzaji wanajua hilo. Kazi ziko mbili tofauti. Modemu inaongea na waya wa nje, inaigeuza ile lugha ya waya kuwa intaneti. Rauta inaigawa hiyo intaneti ndani, kwa waifai na kwa waya, simu ya baba, tivii, laptopu ya mtoto. Vikiwa kwenye boksi moja ndo hiyo kombo. Sasa upande wa rauta unafanana kila mahali lakini upande wa modemu haufanani kabisa, ya shaba ni ya shaba na ya faiba ni ya faiba, na ile ya laini ya simu ya mkononi nayo ni kivyake.

Ya shaba nitaisema kidogo maana wanaoitumia wanazidi kupungua. Mjomba wangu alikuwa nayo Area C miaka ile, laini ya simu ya mezani ilikuwepo tayari basi intaneti ikapita humohumo. ADSL2+ kwenye makaratasi inafika mbps 24 za kushusha, ila hiyo ni kama umekaa mlango mmoja na mitambo, kadri waya unavyokuwa mrefu ndo spidi inavyokatika, ukifika kilomita kadhaa unabaki na kidogo mno. VDSL ina kasi kuliko hiyo lakini nayo inataka uwe karibu zaidi. Kama bado uko kwenye shaba hakikisha boksi linasema ni ADSL au VDSL kulingana na laini yako, VDSL nyingi zinarudi nyuma zikafanya na ADSL ila ADSL haipandi kuwa VDSL hata uiombee. Usisahau kile kifilta kidogo kinachotenganisha simu na intaneti, bila hicho kila simu ikiita mtandao unayumba. Na radi! Mjomba aliunguza mbili. Mvua zetu hapa ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na zikija zinakuja na radi za kutikisa bati, ule waya wa shaba unaoning'inia nje unabeba umeme wa radi moja kwa moja mpaka ndani ya modemu. Yeye alikuwa anachomoa plagi ya ukutani akadhani yuko salama, kumbe mlango wa nyuma, waya wa simu, ameuacha wazi. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, hapo peke yake mimi nilishaona inanifaa.

Turudi kwenye faiba sasa. Kinachofungwa na fundi ukutani kinaitwa ONT, na mara nyingi hicho chenyewe ni kombo tayari, kina modemu ya mwanga, rauta, waifai na hata tundu la simu. Hapa ndo wengi tunapoliwa, mtu anaenda kununua "kombo ya faiba" dukani wakati mtoa huduma anamletea kombo nyumbani. Halafu hata ukinunua nzuri kuliko ya kwao haiwaki hivihivi. Mfumo unaotumika sana majumbani ni GPON, na kule kwa mtoa huduma kuna mtambo unaotambua kila kiboksi kwa namba yake ya utambulisho (serial namba) iliyobandikwa chini, kama namba haijasajiliwa unaweza kuchomeka mpaka kesho. Nimeona jamaa wa Nkuhungu kanunua iliyotumika, bei ya kutupa, nembo ya kampuni ya simu ya nje huko na menyu yenye lugha asiyoijua, mtoa huduma wake kagoma kuisajili, imebaki pambo kwenye shelfu. Kwahiyo kabla hujatoa hela piga simu huduma kwa wateja uliza maneno haya haya: mnakubali ONT ya mteja? modeli gani? mtanisajilia namba yake? Wakisema hapana umeshaokoa hela yako.

Taa nazo ujifunze kuzisoma, zitakuokoa na kubishana na watu kwenye simu. Ya kwanza ni LOS, hiyo ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki au umefifia mno, waya umekatika au umekunjwa au kichwa kimelegea, hapo usihangaike kuzima na kuwasha rauta. Ya pili PON, ikipepesa tu bila kutulia mwanga upo lakini kiboksi hakijakubaliwa kule kwenye mtambo. PON ikiwa imetulia na intaneti bado hamna basi angalia kifurushi chako kaka, pengine kimeisha, usimwite fundi bure. Kwangu iliwahi kuwa nzito wiki nzima, fundi akaja na kipimo chake cha nguvu ya mwanga (dBm, hasi ikizidi kuwa kubwa mwanga ndo hafifu) kikasoma hasi 27 na ushee, akasema hii iko ukingoni kabisa, yeye anapenda hasi 20 hapo. Akafuata waya mpaka nyuma ya kabati la vyombo, tulikuwa tumelisogeza wakati wa kupaka rangi likaubana waya kwenye kona. Akaunyoosha, ikarudi hasi 19. Bure kabisa, nikampa hela ya soda. Waya wa faiba hauzungushwi kama waya wa pasi, uache upinde kwa duara kubwa.

Na kile kichwa cha kijani usichanganye na cha bluu, vinaingia tundu moja ila cha kijani kimekatwa mshazari nyuzi 8 na cha bluu hakijakatwa hivyo, ukivikutanisha mwanga unapotea njiani. Usichungulie ndani ya waya pia, ule mwanga hauonekani kwa macho lakini upo.

Kama unapewa nafasi ya kuchagua kiboksi, haya ndo ninayoyaangalia. Waifai ya bendi mbili, gigahezi 2.4 na 5. Mfano Huawei HG8546M ina 2.4 peke yake wakati EG8145V5 ina zote mbili na matundu yake manne ya waya ni ya giga (mbps 1,000), kwa macho vinafanana tu viboksi vyeupe, mtu asiyejua anapokea chochote. Tofauti utaiona jioni kila jirani akiwasha yake, 2.4 inajaa kama daladala ya asubuhi. 5 ina kasi ila ukuta wa tofali za block unaichosha, kuta mbili imeshachoka. Na ukisoma "300Mbps" kwenye boksi dogo usishtuke, hiyo ni hesabu ya waifai ya karatasini, tundu lake la waya mara nyingi ni la 100 tu. Kwa kifurushi cha mbps 20 hiyo inakutosha kabisa sikudanganyi, hela ya ziada nunua nyama. Ila ukiwa na kifurushi kinachovuka 100, au una kamera za ulinzi na kompyuta zinazorushiana mafaili humo ndani, tafuta matundu ya giga.

Mimi niliishia hivi. ONT ya mtoa huduma nimeiacha ifanye kazi yake ya mwanga na ya urauta, waifai yake nimeizima, na nimenunua rauta ya TP-Link Archer C6 inirushie waifai. Hii haina modemu ndani, naomba isomwe mara mbili, haina modemu, ukiichomeka waya wa faiba hakuna pa kuingia, inapokea waya wa kawaida wa mtandao kutoka kwenye ONT. Ni ya AC1200, yaani 300 kwenye 2.4 na 867 kwenye 5, matundu yote ya giga. Sio Wi-Fi 6 (kizazi cha waifai kilichofuata), anayetaka sifa za simu mpya za bei mbaya atafute nyingine. Lakini kwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule inanipa raha, nimeitoa kule kwenye kona ya mlango fundi alikopigilia ONT nikavuta waya wa mita 10 mpaka kwenye korido juu ya mlango, katikati ya nyumba, na hilo la kuihamisha ndo lililobadilisha maisha kuliko hata rauta yenyewe. Chumba cha mwisho kilikuwa mtoto anasomea akiwa amesimama dirishani kutafuta mtandao, sasa anapata waifai akiwa kitandani (hilo nalo limezaa kesi nyingine, nimeweka muda, saa nne usiku inajizima kwenye simu yake).

Kuna mtego mmoja kwenye mpangilio huu. Ukichomeka rauta yako nyuma ya ONT bila kugusa kitu, zote mbili zinagawa anwani (zile namba ambazo kila kifaa kinapewa ndani ya mtandao), intaneti itapita vizuri tu ila kamera za ulinzi za kuangalia ukiwa mbali na michezo ya mtandaoni vinaanza visirani. Njia rahisi ni kuiweka rauta kwenye akses pointi, yaani irushe waifai tu na kugawa anwani iiachie ONT, ni kubonyeza tu kwenye menyu. Njia ya wakubwa ni kumwomba mtoa huduma aiweke ONT kwenye briji, yaani ipitishe intaneti tu bila kugawa anwani, halafu jina na paswedi ya PPPoE (za kuingilia kwa mtoa huduma) uweke kwenye rauta yako. Mimi nilichukua rahisi.

Kwanini sikutafuta kombo moja ya nguvu tukamaliza? Kwa sababu teknolojia ya waifai inachakaa haraka na ile ya mwanga inachakaa polepole, nikitaka kubadilisha rauta miaka miwili ijayo simgusi mtoa huduma. Na ikiungua moja nabaki na nyingine, siku rauta ikifa nawasha waifai ya ONT tunaendelea kunywa chai. Ila mwenye chumba kimoja na sebule, mpangaji anayehama kila mwaka, chukua ya mtoa huduma tulia, ya pili ni mzigo wa kufungasha.

Umeme ukikatika ONT na rauta vyote vinazima wakati faiba yenyewe bado iko hai, kile kigawanyio cha njiani kinachogawa mwanga kwa nyumba za mtaa hakitumii umeme kabisa. Kwahiyo kiyupiesi (UPS, betri ya akiba) kidogo cha volti 12 kinakuvusha masaa kadhaa. Soma chini ya kila kifaa kwanza, volti na ampia, maana kuna rauta za volti 9 na chaja zake zina kichwa kilekile, ukibahatisha unaikaanga. Jumlisha ampia za vifaa vyote viwili uone kama kiyupiesi kinaziweza.

Na vumbi letu mnalijua, kuanzia Julai upepo ukianza kila kitu kinakuwa rangi ya Dodoma. Vitundu vya kupumulia vya rauta vinaziba, inachemka, inaanza kujizima. Brashi ya rangi ile laini, mara moja kwa mwezi. Ila kile kichwa cha kijani usikichomoe kukifuta na shati, vumbi kidogo tu pale mbele linaziba njia ya mwanga, kiache kimefungwa.

Ile ADSL yangu ya 55,000 sikuitupa. Nimeingia kwenye menyu yake nikabadilisha anwani isigongane na nyingine, nikazima ugawaji wa anwani, nikavuta waya kutoka rauta kubwa nikauchomeka kwenye moja ya matundu yake ya njano, siyo lile la simu. Iko banda la uani kwa mpangaji wangu, inampa waifai, na hajui kisa chake.