Skripti isirithi nguvu za adimini: njia tano nimezijaribu, moja nimeitupa

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni. Leo sichambui simu wala spika. Nyie mnaoinstoli programu kwenye kompyuta za maduka, sogeeni, hii yenu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipata kazi kwenye duka moja la vitenge hapa Mlandege. Kompyuta ya keshia ina akaunti ya kawaida, paswodi ya adimini, yule mwenye madaraka ya kubadilisha kompyuta, anayo mwenye duka. Nikafungua setapu, Windows ikaomba ruhusa, Bi Mkubwa akaja akaandika paswodi yake, mambo yakaenda. Mwishoni setapu ikaendesha skripti yangu ndogo, yaani faili la amri: iunganishe folda ya stoo iwe draivu Z, iweke na ikoni kwenye desktopu. Dirisha jeusi likatokea, likasema tayari, likapotea. Nikafunga begi. Sijafika hata Michenzani, simu inalia, keshia huyo: "Ami, hiyo Z yenyewe iko wapi? Na ikoni mbona siioni?"

Z ilikuwepo. Ikoni ilikuwepo. Ila vyote vimekwenda kwa Bi Mkubwa, kwenye desktopu yake ambayo haifungui mwaka mzima.

Tazameni skrini, nakuza maandishi. Dirisha la kawaida la amri, naandika whoami, yaani mimi ni nani: jina la keshia. Sasa dirisha hili limezaliwa na setapu, naandika whoami ileile: jina la mwenye duka. Naongeza /groups, shukeni mpaka chini kabisa. La keshia linamalizia S-1-16-8192, hicho ndicho kiwango cha kawaida. Lile jengine, S-1-16-12288, kiwango cha adimini. Programu ikishapewa nguvu, kila inachokizaa kinarithi tokeni yake, yaani kitambulisho chake ndani ya Windows, jina na madaraka vyote pamoja.

Na usijidanganye kwamba ukiwa na akaunti moja tu umepona. Tangu Windows Vista, adimini akiingia anapewa tokeni mbili, moja imepunguzwa, moja kamili, na kila moja ina kikao chake. Draivu uliyoiunganisha upande mmoja, upande wa pili huioni.

Haya, dawa. Ya kwanza PsExec ya Sysinternals, zana ya bure ya kuendeshea programu nyengine, na wengi mtaambiwa weka -l basi. Mimi nimeitupa. Inamvua mtu uadimini, kweli, lakini kuanzia Vista inamshusha mpaka kiwango cha Low, chini ya mtumiaji wa kawaida. Skripti yangu ikashindwa hata kuandika faili moja ndani ya Documents! Na jina lililobaki ni lilelile la Bi Mkubwa. Kumvua mtu koti hakumgeuzi kuwa mtu mwengine. Sisi tunamtaka keshia, hatumtaki Bi Mkubwa asiye na koti.

Ya pili runas, amri ya Windows yenyewe, ikiwa na /trustlevel:0x20000: ina ugonjwa huohuo wa jina. Twende.

Ya tatu naipenda kwa wepesi wake: kuipa explorer.exe, ile eksplora inayoonyesha desktopu na folda, anwani ya faili la skripti. Eksplora mpya inamkabidhi kazi eksplora aliyekwisha kuwepo, yule anayeshikilia desktopu, na yule hana nguvu za adimini. Kwenye laptopu yangu, akaunti moja, imefanya kazi vizuri. Lakini huwezi kuipa skripti vigezo vyovyote, wala huwezi kuisubiri ujue imemaliza au imekufa njiani. Kwa kufungua ukurasa wa shukrani inatosha. Kwa draivu ya duka la watu, sithubutu.

Ukiwa unatengeneza setapu mwenyewe, basi Inno Setup, kazi ya Jordan Russell tangu 1997. Ina alama inaitwa runasoriginaluser: unaiweka kwenye mstari wa skripti, na skripti inaendeshwa kwa jina la yule aliyeifungua setapu mwanzo, keshia wetu. Safi kabisa. Tatizo ni sisi mafundi na mkono wetu mwepesi, tunabofya kulia tunachagua iendeshwe kama adimini. Ukifanya hivyo alama ile haina kazi, kwa sababu setapu haikupata hata nukta moja ya kuwa keshia. Vilevile ukiiita kutoka programu ambayo tayari ina nguvu. Bofya mara mbili tu, iache iombe ruhusa yenyewe.

Iliyobaki kwenye begi langu ni Task Scheduler, mpangaji wa kazi aliyemo ndani ya Windows, sura mbaya, moyo mzuri. Unaunda kazi kwa jina la keshia, unasema iendeshwe pale tu keshia akiwa ameingia, na kisanduku cha nguvu za juu usikiguse. Ukiiunda kwa amri yake, schtasks, ndiyo /ru, /it na /rl limited. Unaiamrisha iende, ikimaliza unaifuta. Vigezo inapokea, na matokeo ya mwisho inakuandikia.

Mara ya kwanza kuijaribu nyumbani ilikaa tu. Haina kosa, haina jibu, iko foleni. Nikabadilisha skripti mara nne! Kumbe umeme ulikuwa umekatika, laptopu iko kwenye betri, na kazi ikiundwa kwa mipangilio yake ya kawaida haianzi mpaka uchomeke waya. Aliyeweka hivyo hakukaa Unguja ule mwisho wa 2009, tulipolala gizani mpaka Machi 2010. Ingia sehemu ya masharti, toa tiki ya umeme, tena uitoe kabla hujaondoka kwa mteja.

Nilirudi Mlandege kesho yake asubuhi. Keshia akabofya Z, stoo yote ikafunguka, majora na bei zake. Akanitazama.

"Na printa, ami?"

Printa ni video nyengine.