TAHADHARI: Anayetoza kwa kila kindi hana haja ya kuziba tundu lako

Ndugu zetu mnaoishi Marekani kwenye mitaa yenye mialoni mikubwa inayoinamia mapaa, kuanzia Massachusetts na Maryland hadi Ohio, Kentucky na Minnesota, someni hili kabla hamjampigia simu mtu wa kutoa kindi darini. (Kindi ndiye huyohuyo ambaye wengine mnamwita kuchakuro au kidiri.) Kuna biashara inayofanywa mchana kweupe, gari limechorwa vizuri na fundi kavaa fulana yenye nembo, na bado ni kulizwa tu. Muuzaji anakuja na mitego, anatoza kwa kila kindi anayenaswa, na tundu la paa analiacha kama alivyolikuta.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme amekutajia dola 75 kwa kila mnyama. Unaona ni bei ya kirafiki, maana umesikia mmoja au wawili tu wakikimbizana juu ya dari. Anaweka mitego mitatu juu ya paa au kwenye nyasi za uani, ndani kapaka siagi ya karanga na kumwaga mbegu za alizeti. Kindi wa kijivu hagawi mipaka kama shamba. Maeneo yao yanapishana, na mwaloni mmoja wenye mbegu hutembelewa na kindi wa nyumba zote za jirani. Karanga inawaita wote. Wiki ya kwanza wamenaswa sita, wiki ya pili watano, nawe unalipa huku unashangaa kumbe walikuwa wengi hivyo. Hawakuwa darini kwako. Walikuwa wapita njia. Aliyeko darini huenda hata mtego hajausogelea, na hata akinaswa, tundu liko wazi, mwingine ataingia, na simu utaipiga tena. Mteja wa namna hiyo ni shamba lisilokauka.

Mtego una mahali pake, lakini ni mahali pamoja: umefungwa kwenye mdomo wa tundu lenyewe, bila chambo, ili anayetoka ndani ndiye anayeingia humo. Ukiona chambo kimewekwa mbali na tundu, jua anavuna mtaa.

Ukiuliza wanakopelekwa, utajibiwa kwamba wanaachiwa porini wakaishi raha mustarehe. Watafiti waliwafuatilia kindi 38 wa kijivu waliotolewa kwenye makazi ya watu na kuachiwa katika msitu mkubwa huko Maryland. Ndani ya siku 88, asilimia 97 walikuwa wamekufa au wametoweka pale walipoachiwa. Hawajui chakula kilipo, hawana kiota, na wenyeji wanawafukuza. Isitoshe, Massachusetts ni kosa kumhamisha mnyama wa porini kutoka kwenye kiwanja chako na kumwachia kwingine, na majimbo kadhaa yana masharti yanayofanana. Walioko Uingereza ndio kabisa: kindi wa kijivu kule ni mgeni mvamizi, na ukishamnasa, kumwachia popote ni kosa la jinai. Kwa hiyo neno “tunawahamisha kwa huruma” lisikulainishe moyo.

Kazi ya kweli ni kumfanya atoke mwenyewe, kisha asiweze kurudi. Ina mpangilio, na ukiuruka mpangilio huo unaharibu.

Kwanza ni kujua ni nani aliyemo. Kindi wa kijivu ni wa mchana: utamsikia alfajiri kunapopambazuka, kisha alasiri kuelekea jioni. Vishindo vya saa sita usiku vinaelekeza kwa kindi arukaye, panya au rakuni, na kila mmoja ana dawa yake. Fundi anayekupa bei kwa simu bila kuuliza unasikia kelele saa ngapi, huyo hajali ni mnyama gani.

Pili ni kuzunguka nyumba nzima kwa ngazi na tochi. Kindi wa kijivu anahitaji uwazi wa kiasi cha inchi moja na nusu, yaani sentimita 4 hivi. Panapopita yai la kuku, naye anapita. Kindi arukaye anatosha kwenye nafasi ndogo kuliko hiyo. Huangaliwa ubao wa chini ya upenu, ubao wa ukingo wa paa pale unapooza kwa maji ya mfereji wa paa, maungio ambapo paa moja linakutana na jingine, matundu ya hewa kwenye kipembe cha ukuta na yale ya mgongoni mwa paa, na bati laini linalozunguka mabomba ya maji machafu yanayotokeza juu. Ukaguzi wa dakika kumi akiwa amesimama chini, mikono kiunoni, si ukaguzi.

Kujua tundu lipi linatumika hakuhitaji mtambo. Unakunja gazeti na kulisokota kidogo tu ndani ya tundu, bila kukaza. Hali ya hewa ikiwa nzuri, gazeti lililokaa siku mbili au tatu bila kuguswa linamaanisha hapapitwi. Lililosukumwa nje ndilo mlango.

Matundu mengine yote, na sehemu zote laini ambazo angeweza kuzitafuna, yanazibwa kabla ya kugusa lile kuu. Hapa ndipo vifaa vinapomtenga fundi na tapeli. Kwa kindi wa kijivu ni wavu wa mabati uliochomelewa, wenye vyumba vya nusu inchi, waya wa geji 16 au 19 (kumbuka namba ikipungua waya unanenepa); kwa kindi arukaye ni vyumba vya robo inchi. Au bati la mabati la geji 26. Wavu unapita ukingo wa tundu kwa inchi 3 kila upande na unafungwa kwa skrubu zenye washa (pete bapa za chuma) kila baada ya inchi 4 hadi 6, zikiingia kwenye ubao mzima. Wavu wa kuku anaupinda na kuukata. Wavu wa mbu hauna hata haja ya kuutaja. Stepla zinachomoka. Na lile povu la kupuliza linalojaa na kukauka ni mkate kwake: meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo kutafuna ni kazi yake ya kila siku, na povu analimaliza asubuhi moja. Povu lina kazi ya kuzuia upepo nyuma ya bati, basi. Picha za “kazi iliyokamilika” zikionyesha povu jeusi tu lililovimba kwenye upenu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo moja la hatari kubwa: bomba la moshi wa tanuri la kupashia nyumba joto au la hita ya maji inayotumia gesi haliwekewi wavu wa kienyeji, kwa sababu likizibika gesi ya sumu inarudi ndani mnakolala. Tundu la mashine ya kukaushia nguo nalo likiwekewa wavu mdogo linajaa nyuzi na kuwa kuni za moto. Haya yana vifuniko vyake maalumu, na fundi asiyejua tofauti hiyo afadhali usimruhusu kupanda ngazi.

Baada ya hapo ndipo mlango wa njia moja unafungwa juu ya tundu kuu. Ni kasha au bomba la wavu lenye kilango cha springi: akisukuma kutoka ndani kinafunguka, akirudi hakikubali. Pembeni mwake huongezwa wavu, angalau futi moja kila upande, kwa sababu aliyefungiwa nje atajaribu kutafuna pembeni palepale. Unaachwa siku tatu hadi saba za hali ya hewa nzuri. Siku za mvua kubwa au theluji hazihesabiwi, maana hatoki. Kimya kikishathibitika, na gazeti jepesi lililowekwa kwa ndani halijaguswa, mlango unatolewa na tundu linazibwa siku hiyohiyo. Si “tutarudi wiki ijayo”. Mwishoni matawi yanakatwa yabaki futi 8 hivi kutoka kwenye paa, ingawa hilo peke yake halimzuii. Waya na ukuta wa matofali anavipanda pia.

Sasa uharibifu mkubwa kuliko wote, ambao matapeli wanaufanya kwa haraka ya pesa: kufunga mlango huo wakati mama ana watoto. Kindi wa kijivu anazaa misimu miwili, mwishoni mwa baridi na tena katikati ya kiangazi, mara nyingi watoto wawili hadi wanne. Wanazaliwa vipofu, hawana manyoya, na wanakaa kwa mama yao kiasi cha wiki kumi. Ukimfungia mama nje mwezi wa tatu au wa tisa, watoto wanakufa njaa ndani ya sufi ya kuhami baridi, nyumba inanuka, nzi wanajaa, na mama mwenyewe anararua upenu ili awafikie. Uharibifu wa mama huyo unaweza kuwa mkubwa kuliko ule uliokufanya uite fundi. Halafu muuzaji anarudi kukuuzia huduma ya kuondoa harufu! Kuanzia Februari hadi Mei, na Agosti hadi Oktoba, fundi wa kweli anaanza kwa kupanda darini kutafuta kiota. Wakiwemo, ama anasubiri wakue watoke wenyewe, ama anamsumbua mama kwa taa na redio karibu na kiota ili awahamishe. Kindi huwa na viota vya akiba mitini, na atawabeba mmoja mmoja kwa mdomo. Mpe siku kadhaa.

Kuhusu vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa mlio ambao binadamu hausikii: mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Bado vinauzwa. Naftalini darini ni ujinga wa aina nyingine: ni sumu, mvuke wake unashuka vyumbani, na kuitumia kinyume na maelekezo ya lebo ni kuvunja sheria. Kindi anaisukuma pembeni na kuendelea na shughuli zake.

Kuna na wale wanaouza hofu. Anashuka kutoka darini na simu yenye picha za kutisha, anasema sufi yote itolewe, maelfu ya dola, la sivyo familia itapata kichaa cha mbwa. Kwa maelezo ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanyama wadogo watafunao kama kindi ni nadra sana kukutwa na kichaa cha mbwa, na hawajulikani kuwahi kumwambukiza binadamu. Fangasi wa mapafu anayetajwa anahusiana na vinyesi vya popo na ndege. Minyoo hatari ni ya vinyesi vya rakuni. Ndiyo maana kumtambua mnyama ni pesa. Kwa kindi, mara nyingi inatosha kutoa sufi ya pale penye kiota na palipochafuka. Mwambie apige picha ukiwa naye, zikionyesha mbao na mabomba unayoyatambua, maana picha za dari la mtu mwingine zinazunguka. Kitu cha kuogopa kweli ni nyaya za umeme zilizochunwa. Hizo ziangaliwe na fundi umeme mwenye leseni, usiziguse. Na akikwambia “bima italipa, saini hapa”, usisaini: sera nyingi za bima ya nyumba haziingizi uharibifu wa wanyama watafunao, na kindi ni mmoja wao.

Mpangaji usitoe hata senti. Mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, paa ni lake.

Kabla ya kukubali, omba namba ya leseni ya kushughulika na wanyamapori waharibifu kama jimbo lako linaitaka, uihakiki kwenye ofisi ya wanyamapori ya jimbo, si kwenye kikaratasi chake. Omba mkataba unaotaja kila tundu, kitakachoziba, geji ya wavu, tarehe ya kurudi kutoa mlango, na bei moja ya kazi yote. “Dhamana ya maisha” isome mpaka mwisho: nyingine inafunika tundu lililozibwa tu, kindi akitoboa hatua mbili pembeni unalipa upya, na kila mwaka kuna ada ya kuifanya iendelee. Angalia pia namba ya simu inayoanza na tarakimu za eneo la mji wako. Nyingine hupokelewa mbali na kazi kuuzwa kwa yeyote aliye karibu, ndiyo maana bei ya simu ni dola 79 na ya mlangoni ina tarakimu nne.

Kama umeshapigwa, tazama kwanza alivyokuja. Aliyegonga mlango wako mwenyewe na ukasaini nyumbani kwa dola 25 au zaidi, kanuni ya FTC kwa kawaida inakupa hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba kwa maandishi. Uliyemlipa kwa kadi ya mkopo na kazi haikufanyika ilivyoahidiwa, andikia kampuni ya kadi ndani ya siku 60 tangu itume taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Pesa taslimu, au za kutuma kwa simu, kuzirudisha ni mtihani. Bado peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na kwa ofisi ya wanyamapori ikiwa aliwahamisha kindi au hana leseni. Ambatanisha picha za tundu lililo wazi, za povu au wavu aliotumia, na za mitego ilipokuwa imewekwa, zikiwa na tarehe. Zipige leo, kabla fundi wa pili hajaanza kurekebisha, kwa sababu akishaziba vizuri hutakuwa na cha kuonyesha.