ELAN kwa kuchambua vitendo uneni vya filamu ya katuni: inafaa, mradi uamue mapema

Wengi wanaochambua vitendo uneni (matendo tunayoyafanya kwa kusema, kama kuamuru au kuahidi) katika filamu huanza na jedwali la Excel: safu ya msemaji, safu ya maneno, safu ya aina ya tendo. Mambo huenda vizuri hadi msimamizi aulize kama mhusika alisema kwa kejeli au kwa dhati. Jedwali halina sauti. ELAN, programu ya kuweka maandishi na lebo kwenye video, inayo, tena imefungwa kwa kila kauli hadi sehemu ya elfu ya sekunde.

Programu hii hutengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha, mjini Nijmegen, Uholanzi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows, macOS na Linux. Unapata video juu, mawimbi ya sauti katikati, na chini yake matabaka ambamo unaandika maneno na lebo. Sura yake imepitwa na wakati, na menyu ni nyingi kupita kiasi, lakini kwa kazi hii hilo linavumilika.

Kabla ya kuifungua, andaa faili mbili: video ya MP4 na sauti ya WAV. Mawimbi ya sauti huchorwa kutoka kwenye WAV, na bila mawimbi utakuwa unabahatisha mahali kauli inapoanzia. Amri moja ya ffmpeg, programu ya kubadili faili za video na sauti, inatosha: ffmpeg -i filamu.mp4 -vn -ac 1 -ar 16000 sauti.wav. Filamu ya dakika 88, kama The Lion King ya 1994, itakupa WAV ya takriban MB 169. Ukiwa na video ya MKV badala ya MP4, usiisindike upya. Mara nyingi inatosha kubadili kasha lake tu kwa -c copy.

Maandishi ya chini ya skrini (SRT) unaweza kuyaingiza, na hapo ndipo wengi hukwama. Mosi, kasi. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde ikitolewa kwa PAL, mfumo wa televisheni wa fremu 25, hufupika kwa asilimia 4, hivyo dakika 88 zinakuwa 84 na nusu. SRT ya toleo moja juu ya video ya toleo jingine itapishana kwa sekunde 24 kufikia dakika ya 10, na kwa dakika 2 kamili kufikia ya 50. Kuisogeza SRT nzima mbele au nyuma hakutibu kitu. Lazima nyakati zote zizidishwe kwa uwiano wa 24 kwa 25 (au 25 kwa 24, ikiwa SRT ndiyo ya PAL). Pili, maandishi hayo yamekatwa kufuata kasi ya macho ya msomaji, si mipaka ya kauli, na mara nyingi yanaacha miguno, viitikio na majina ya kuitana. Wakati mwingine mguno ndio unaotofautisha ombi na amri! Yatumie kama rasimu, kisha sikiliza ukikata upya.

Sasa matabaka, roho ya kazi yenyewe. Miongozo mingi hukuelekeza uweke tabaka la maneno, na chini yake tabaka la tendo la aina ya ‘Symbolic Association’. Aina hiyo inaruhusu lebo moja tu kwa kila kipande cha juu. Zamu moja ya mhusika ikiwa na onyo na ahadi kwa pamoja, huna pa kuiweka ya pili. Ukishajaza mamia ya vipande ndipo ugundue hivyo, aina ya tabaka linalotumika haibadilishwi kirahisi. Utaishia kunakili matabaka na kupanga upya mzazi na mtoto. Mpangilio unaostahimili ni wa ngazi tatu: zamu@Scar (zamu za Scar, mhusika wa The Lion King) juu kabisa, kauli@Scar chini yake, aina ya ‘Included In’, ili zamu moja ibebe kauli kadhaa hata zikiwa na kimya kati yake, kisha chini ya kauli ndipo tendo, njia na athari (kauli ilimfanya nini msikilizaji), kila moja ‘Symbolic Association’. Maliza muundo wa mhusika mmoja, halafu tumia ‘Add New Participant’ kuunakili kwa wengine. Hifadhi kama kiolezo (.etf) kabla ya kujaza chochote.

Tabaka la tendo lifungwe kwa orodha funge ya lebo tano za mwanafalsafa John Searle: kuarifu, kuagiza, kujifunga (kama kuahidi), kuonyesha hisia, kutangaza. Bila orodha hiyo utajikuta na “agizo”, “Agizo” na “kuagiza” zikihesabiwa kama vitu vitatu. Tabaka la njia liwe na lebo mbili tu: wazi au fiche.

Ubora wa mpangilio huu unaonekana pale Scar anapozungumza na Simba kuhusu kinachopatikana ng’ambo ya mpaka wa kaskazini. Baba mdogo anakataa kusema, anadokeza kwamba simba majasiri pekee ndio huenda huko, anajifanya ameponyokwa na neno kuhusu makaburi ya tembo, kisha anamtaka mtoto aahidi kutokwenda kamwe. Kwenye jedwali la kawaida hilo lingeandikwa “katazo”, basi. Kwenye ELAN ni kauli kadhaa zenye wakati wake: kuarifu kwa umbo lakini kuchochea kwa nia, kisha agizo la wazi linalofanya kazi kinyume na maneno yake. Jibu la Simba ni kujifunga, ila sharti la unyofu, yaani kukusudia kwa dhati, halikutimia, kwa hiyo kwa mwanafalsafa J. L. Austin ahadi imetolewa lakini imetumiwa vibaya. Linganisha na Scar anapotwaa ufalme mbele ya simba jike: hapo tatizo ni mamlaka, maana mrithi yu hai. Tendo limebuma. Kasoro hizi mbili zinahitaji lebo tofauti, na kuzipachika kwenye tabaka la athari ni kosa; ziundie tabaka lake kwa kila mhusika: sharti@Simba, sharti@Scar.

ELAN hukokotoa pia makubaliano ya wachambuzi wawili. Tahadhari: ikiwa kila mmoja amekata kauli kivyake, kapa (kipimo cha makubaliano kinachoondoa sehemu ya bahati) itashuka kwa sababu ya mipaka, si kwa sababu ya lebo. Mpe mchambuzi wa pili faili ambalo kauli zimeshakatwa na matabaka ya tendo ni matupu. Tena usijivunie asilimia ghafi: wakikubaliana kwa 80 na bahati peke yake ingewapa 50, kapa ni 0.60 tu. Filamu iliyojaa amri hupandisha sana hiyo sehemu ya bahati.

Kwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, ongeza tabaka la tafsiri lakini weka lebo kwa kusikiliza lugha ya asili. Amri kavu ya Kiingereza ikishakuwa “naomba uondoke” au hata “uondoke” badala ya “ondoka”, nguvu yake imelegea, na unachochambua sasa ni vitendo vya mfasiri.

Kero zipo. Wahusika saba kwa matabaka sita ni matabaka 42, na skrini ya kompyuta mpakato haiyabebi. Ficha yasiyohusika na onyesho lililopo. Washa hifadhi ya dharura ya kila dakika 5 kwenye menyu ya File, hasa kama umeme wa kwenu ni wa kukatika-katika. Faili la .eaf, ambamo ELAN huhifadhi uchambuzi wako, halibebi filamu ndani yake, linakumbuka tu mahali ilipo. Ukihamia kompyuta nyingine litakuuliza video iko wapi. Faida yake ni kwamba unaweza kumtumia msimamizi uchambuzi wote kwa barua pepe bila kusambaza filamu ya watu.

Wakati wa kutoa data kwenda Excel, chagua usimbaji wa herufi wa UTF-8 na safu moja kwa kila tabaka. Na kama kwa sababu yoyote ulitumia ‘Symbolic Subdivision’, usizitumie nyakati zake kupima chochote: ELAN huwa imegawa urefu wa kipande cha juu sawa kwa sawa, bila kujali nani alitua wapi.