Kliniki ya ufuatiliaji kwa walioondolewa mfuko wa tumbo: inatambua vizuri, inaandika vibaya

Huduma ninayoitathmini ni kliniki ya ufuatiliaji kwa wagonjwa walioondolewa mfuko wa tumbo kwa sababu ya saratani. Inaendeshwa na daktari mpasuaji, muuguzi na mtaalamu wa lishe, na baba yangu amekuwa akihudhuria tangu aliporuhusiwa kutoka wodini. Naipa alama za juu kwa namna inavyotambua matatizo, na alama za chini kwa namna inavyoyaweka kwenye maandishi.

Kuhusu wodini sina mengi ya kusema. Tatizo linaloogopwa kuliko yote katika siku za mwanzo ni kuvuja kwa mshono unaounganisha umio na utumbo mdogo, na dalili yake ya awali huenda isiwe maumivu makali bali moyo kwenda mbio na homa isiyoeleweka. Wauguzi walilijua hilo: walihesabu mapigo ya moyo mara kwa mara, wakaangalia rangi ya majimaji kwenye mrija uliotoka tumboni, wakamketisha mzee na kumtaka avute pumzi ndefu ili mapafu yasishambuliwe na nimonia. Sindano za kuzuia damu kuganda miguuni ziliendelea hata baada ya kurudi nyumbani, kama inavyofanyika kwa wengi wanaopasuliwa tumbo kwa ajili ya saratani.

Thamani ya kliniki hii ilionekana baadaye, mgonjwa alipoanza kula. Mfuko wa tumbo ukishaondolewa, hakuna tena kinachokizuia chakula kishuke kidogo kidogo, hivyo chakula, hasa chenye sukari nyingi, huingia kwenye utumbo kwa mkupuo na kuvuta maji kutoka kwenye mishipa ya damu. Ndani ya dakika 10 hadi 30 mgonjwa hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota, na wakati mwingine huharisha. Ipo hali nyingine inayofanana nayo kwa sura lakini chanzo chake ni tofauti, ambayo huja saa 1 hadi 3 baada ya mlo: sukari hupanda ghafla kwenye damu, mwili hutoa insulini kupita kiasi, kisha sukari hushuka na mgonjwa hutetemeka na kuchanganyikiwa. Baba aliposema tu kwamba "anaishiwa nguvu", muuguzi hakukimbilia kuandika dawa. Alimuuliza, "Mzee, jasho hilo lilikutoka ukiwa bado mezani, au ni muda mrefu baada ya kula?" Kisha akampa daftari lenye safu tatu, yaani saa ya kula, alichokula na saa ya dalili, akamwomba alirudishe likiwa limejazwa. Daftari hilo dogo lilitusaidia kuliko kijitabu chote cha maelezo tulichopewa siku ya kutoka.

Kijitabu chenyewe hakina makosa, ila ni cha jumla mno. Kinashauri milo midogo kama 6 kwa siku, kupunguza sukari, kutokunywa maji mengi pamoja na chakula, na kujinyoosha kidogo baada ya kula. Ushauri huo wa mwisho humtia taabu mtu ambaye nyongo humpanda hadi kooni, maana akilala chali huungua kifua. Muuguzi ndiye aliyeitatua tofauti hiyo kwa kumweka nusu mgongo juu ya mito, asiwe amelala wala kuketi wima. Vilevile, baba alipoanza kuhisi tonge linakwama nyuma ya kifua, hawakutuambia tusubiri miadi ijayo. Alifanyiwa endoskopi, yaani kuingiziwa mrija wenye kamera kupitia kooni, mshono ukakutwa umebana kwa kovu, na ukapanuliwa kwa puto.

Lawama yangu ni kwa barua ya kuruhusiwa. Kuhusu vitamini iliandikwa kwa ufupi "aendelee na vitamini", wakati mfuko wa tumbo ndio unaotengeneza protini inayouwezesha utumbo kuifyonza B12 iliyomo kwenye chakula. Kwa kuwa ini huwa na akiba inayoweza kutosha kwa miaka kadhaa, upungufu huja kimyakimya, na ukijitokeza kama ganzi miguuni, neva zinaweza kuwa zimeshaharibika kiasi cha kutopona kabisa. Aliyeondolewa mfuko wote anahitaji B12 maisha yake yote, mara nyingi kwa sindano, na madini ya chuma na kalsiamu nayo hayana budi kupimwa. Jambo zito namna hiyo lilistahili kadi yenye tarehe. Sisi tulilipata kwa mdomo, na familia isiyouliza maswali ingeweza kuondoka bila kulijua.

Barua hiyohiyo haikueleza utumbo uliunganishwa vipi. Baba aliunganishwa kwa njia ya Roux, iliyopewa jina la mpasuaji wa Uswisi César Roux, ambapo utumbo mdogo hukatwa na kuungwa upya kwa umbo la herufi Y, na taarifa hiyo ina uzito kwa sababu vijiwe vya nyongo huwapata wengi baada ya upasuaji huu, na kijiwe kikishuka kwenye mfereji wa nyongo, endoskopi ya kawaida haiufikii kwa urahisi. Simu ya kliniki nayo hufungwa jioni. Ukipatwa na shida usiku unakwenda chumba cha dharura, ambako daktari wa zamu atakuuliza ni nini hasa kiliondolewa, na barua uliyonayo haimjibu.

Kwa uangalizi wenyewe, ningempeleka mgonjwa mwingine hapo bila kusita. Ningemshauri tu kwamba kabla ya kutoka wodini aombe nakala ya ripoti ya upasuaji kutoka ofisi ya kumbukumbu, kwa kuwa hutolewa kwa anayeiomba, na kwamba tarehe ya sindano ya kwanza ya B12 iandikwe juu yake na daktari mwenyewe.