Uzoefu Wangu: Saa Moja Ndani ya Nyumba ya Mark Twain, Hartford

Mark Twain, yule mwandishi wa Marekani, anayezunguka kwenye simu zetu ni mtu wa misemo, na mingi kati ya hiyo hakuisema yeye. Mimi nilitaka kumwona yule aliyekula, akalea watoto na kudaiwa. Kwa hiyo Februari, nilipokuwa New York kwa kaka yangu, nilikata tiketi mbili za kutembezwa katika nyumba yake iliyoko Farmington Avenue, Hartford, jimbo la Connecticut: moja yangu, na nyingine ya mtoto wa kaka, kijana wa miaka kumi na mitano aliyekubali kunisindikiza kwa sababu tu niliahidi kumlisha. Basi tulilopanda lilichelewa karibu saa nzima, tukakosa zamu yetu. Wahudumu wa mapokezi walituingiza katika kundi lililofuata bila maneno mengi, jambo ninalolitaja kwa sababu nyumba hiyo huiingii ukazurura utakavyo. Unaingia na mwongozaji, kwa muda wa saa moja hivi.

Ni jumba la matofali mekundu lenye vyumba 25, na familia yake iliishi humo kuanzia 1874 hadi 1891. Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens, mtoto wa Missouri, mwaka 1835. Ujanani alikuwa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi, na “mark twain” ulikuwa ukelele wa mabaharia waliopima kina: alama ya pili, yaani pima mbili (karibu mita 3.7), maji ya kutosha chombo kupita salama. Mwongozaji alichukua muda kuwaeleza wenzetu pima ni nini. Mtu aliyekulia pwani, kama mimi, alikuwa ameshaelewa.

Sebule na ukumbi nitaviruka, ingawa ni vizuri. Kilichostahili nauli yangu ni maktaba. Juu ya meko kuna rafu iliyopangwa picha na mapambo, na chini yake bamba la shaba lenye maneno yasemayo kwamba pambo la nyumba ni marafiki wanaoitembelea. Binti zake walimwekea baba yao masharti: hadithi ianzie kwenye picha ya paka aliyevishwa kola ya marinda, ipite kwa kila pambo kwa mpangilio wake, iishie kwenye picha ya msichana waliyemwita Emmeline, bila kuruka kitu, na kila mara iwe hadithi mpya. Mtoto wa kaka, ambaye hadi hapo alikuwa akikagua simu yake, alininong’oneza, “Shangazi, kwa hiyo alikuwa anapewa mtihani kila siku?” Nikamjibu kwamba ndivyo, na wasahihishaji hawakuwa na huruma.

Ghorofani kuna kitanda cha mbao kilichonunuliwa Venice, chenye malaika wa kuchongwa. Ubao wa kichwani ulikuwa na nakshi za ghali kiasi kwamba mume na mke waliweka mito upande wa miguuni, ili wapate kuutazama. Chumba cha biliadi kiko juu kabisa, na mwenye magoti mabovu azikumbuke ngazi. Ndicho kilichokuwa ofisi yake. Kurasa alizipanga juu ya meza ya mchezo, na dawati aliliweka kwenye kona, likitazama ukuta. Mwongozaji alitutajia pia George Griffin, aliyezaliwa utumwani na baadaye akawa mhudumu mkuu wa nyumba, ambaye Twain aliandika kwamba alikuja kusafisha madirisha, akabaki nusu ya kizazi. Simu nayo iliwekwa mapema kuliko katika nyumba nyingi za mji ule, na mwenye nyumba akaichukia hata akaandika salamu za Krismasi za 1890 akiwatakia watu wote wakutane peponi, isipokuwa aliyeivumbua.

Katika jengo la makumbusho lililo jirani, usiondoke kabla ya kuiona mashine ya kupanga herufi za chapa iliyobuniwa na James Paige. Ina vipande vipatavyo 18,000. Ilipofanya kazi ilimshinda binadamu kwa mbali, ila kufanya kazi ndiko kulikokuwa kwa nadra, na Twain alizamisha humo takriban dola 300,000. Mwaka 1894 alifilisika. Sheria haikumlazimu kulipa kila senti, lakini mwaka 1895 alianza safari ya kuchekesha watu kwa kiingilio, akapita Australia, India hadi Afrika Kusini, na kufikia 1898 alikuwa amewalipa wadai wake wote. Mwezi mmoja baada ya safari hiyo kwisha, Agosti 1896, binti yake Susy alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ndani ya nyumba ile ile tuliyokuwa tumetoka kuitembea, baba akiwa Uingereza. Familia haikurudi kuishi humo tena.

Ziara inahusu miaka ya familia pale, hivyo msomaji wetu aende akijua jambo moja la baadaye: mwaka 1905 Twain alichapisha kijitabu dhidi ya ukatili wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Kongo, ambamo mfalme anajisemea peke yake, akiilalamikia kamera kuwa ndiyo shahidi pekee ambaye yeye mfalme alishindwa kumhonga. Ni kichekesho kisichochekesha, na kwangu ndicho kikali kuliko vyote alivyoandika.

Ziara naipa nyota tano. Tulipokuwa tukisubiri chakula nilichoahidi, kijana alijaribu hadithi ya rafuni kwa vitu vya mezani, kuanzia chupa ya tomato hadi tiketi ya basi. Alikwama kwenye chumvi, kitu cha tatu. Nikamwambia aanze upya, na asirudie ile ya kwanza.